MTOTO AKIZIRAI, MOYO UPIMWE KABLA YA KUSEMA NI JINI



Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Ama ba'd.

Ndugu zetu wazazi wa Rumonge, Nyanza-Lac na mwambao wote wa Tanganyika, nanyi vijana wanafunzi mnaosoma haya mkiwa Buyenzi, Kigoma au ughaibuni. Leo hatuandiki juu ya twahara wala mirathi. Tunaandika juu ya jambo ambalo sisi wenyewe walimu wa madrasa tumelikosea, na tumelikosea mbele ya watoto wa watu. Atakayekasirika na akasirike, lakini tunamuomba asome mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni hili: mtoto anapozirai akiwa anakimbia, anaogelea, au ameshtuliwa, moyo wake upimwe kwanza kabla mtu yeyote hajatamka neno jini.

YALIYOTUKUTA

Yuko binti katika madrasa yetu, wakati ule alikuwa na miaka 9. Baba yake ni mvuvi wa ndagala, mama yake anauza mawese sokoni. Mara ya kwanza alianguka ufukweni asubuhi, akikimbia na wenzake kuipokea mitumbwi iliyokuwa inarudi kutoka kuvua. Alilala pale kama dakika moja, kisha akaamka mwenyewe akishangaa kwa nini watu wamemzunguka. Wazee wa ufukweni wakasema: hao ni wa ziwani, wamemuona na wamempenda.

Mara ya pili alianguka mbele yetu. Watoto walikuwa wanapiga kelele, nasi tukaipiga fimbo juu ya meza kwa nguvu ili wanyamaze. Walinyamaza wote, na yeye akaanguka ubavu juu ya jamvi, uso umepauka, macho yako wazi lakini hayaoni. Tukamsomea. Kumsomea mgonjwa si kosa, ni Sunnah. Kosa ni lile lililofuata. Alipoamka tulimwita baba yake, tukamwambia kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake: mtoto huyu ana jini, na dalili ni kwamba ameanguka pale pale Qur-aan ilipokuwa ikisomwa. Habari ya fimbo hatukuitaja. Hata akilini haikutujia.

Baba akafuata maneno yetu, kwa sababu sisi ndio tunaoitwa Maalim. Ikapita miezi miwili ya visomo, maji ya kunywa, maji ya kuogea, na mwisho mtu mmoja kutoka kijiji cha mbali aliyetaka mbuzi na pesa taslimu. Katikati ya hayo mtoto alipelekwa kwenye kituo cha afya. Akapimwa malaria, akasikilizwa kifua, wazazi wakaambiwa: moyo unapiga vizuri, mtoto hana kitu.

Mara ya tatu ilikuwa majini. Alikuwa anaoga na wenzake, akazama bila ya kupiga kelele. Dada yake mkubwa alimvuta kwa nywele.

Usiku ule mama yake alikuja kwetu. Alikaa mlangoni, akasema: "Maalim, utanisamehe, mimi si msomi. Lakini jini huyu mbona haji mtoto akiwa amekaa anakula? Huja akikimbia, akishtuka, au akiwa majini. Na mbona shangazi yake, dada yake baba, alikufa msichana, alianguka njiani akikimbia mvua, hakuamka tena?"

Hatukuwa na jibu. Tuna vitabu nyumbani, tuna ijaza ukutani, na mama huyu ambaye hakuvuka darasa la pili alikuwa amefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya: aliyaweka matukio pamoja akayatazama.

Tulichanga, wakaenda Bujumbura. Ni zaidi ya kilomita 70 kwa barabara ya kando ya ziwa, na wakati ule mafuta yalikuwa adimu na nauli imepanda. Huko mtoto alilazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na kwa dakika chache mashine ikaandika umeme wa moyo wake kwenye karatasi. Kipimo hicho ndicho ECG. Hakichomi, hakitoi damu. Daktari akaonesha sehemu ya mchoro iliyo ndefu kuliko kawaida, lakini ikiwa karibu na mpaka. Akarudia kipimo. Akataka baba, mama na ndugu zake nao wapimwe. Akampa propranololi, akakataza kuogelea na mashindano ya mbio, na akasema wazi kwamba jibu la mwisho linahitaji bingwa wa moyo wa watoto.

Mpaka tunaandika haya jibu hilo halijakamilika. Tangu aanze dawa hajaanguka, nasi hatusemi amepona. Lakini nusu ya jibu iliyotoka kwenye kipimo ni bora kuliko jibu zima tulilompa sisi bila kupima chochote.

MOYO UNAENDESHWA NA UMEME

Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) ameumba ndani ya moyo umeme mdogo unaoanzia juu, ukashuka chini, na kila ukipita moyo hujikaza na kusukuma damu. Kisha moyo hujitayarisha kwa pigo jingine. Moyo unaweza kuwa mzima wa nyama na mishipa, na kasoro ikawa kwenye umeme tu. Mtoto wa namna hiyo hucheza, hula, hunenepa, na akisikilizwa kifua siku ya kawaida husikiki ubaya wowote.

Kwa hiyo anayeambiwa "hana kitu" aulize kwa adabu: amepimwa nini? Kumsikiliza kifua mtoto aliyeamka na ametulia ni sawa na kulitazama ziwa asubuhi likiwa shwari, ukasema jana usiku hapakuwa na dhoruba. Wavuvi wetu wanajua kwamba ziwa haliko hivyo.

Kasoro za mapigo ziko namna nyingi. Ipo ile ambayo moyo wa mtoto unaanza ghafla kwenda mbio, mapigo zaidi ya 180 kwa dakika hali amekaa, au zaidi ya 220 kwa mtoto mchanga, kisha unaacha ghafla kama ulivyoanza. Hii ndiyo inayoonekana zaidi kwa watoto, na ina tiba. Na ipo ile ambayo madaktari huiita QT ndefu, ambapo moyo unachelewa kujitayarisha baada ya kila pigo. Mwenye nayo akikimbia, akiogelea au akishtuliwa kwa sauti, umeme unaweza kuvurugika, moyo ukatetemeka badala ya kusukuma, akaanguka. Mara nyingi huamka. Siku nyingine haamki.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1856, katika mji wa Leipzig Ujerumani, daktari Meissner aliandika habari za binti kiziwi aliyeanguka na kufa shuleni wakati akikaripiwa mbele ya wenzake. Wazazi walipopewa habari walisema kaka yake, naye kiziwi, alikufa vivyo hivyo baada ya kushtuka. Mashine ya kuandika umeme wa moyo ilikuwa bado haijapatikana. Ilikuja kutengenezwa na Willem Einthoven wa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, wakaeleza habari za familia yenye watoto viziwi waliokuwa wakizirai, na baadhi yao wakafa ghafla. Safari hii karatasi ya ECG ikaonesha sababu.

Sisi walimu tuisome tena habari ya yule binti wa Leipzig. Alikufa akikaripiwa na mwalimu. Nani kati yetu anajua ni nini kilichomo kifuani mwa mtoto anayemfokea?

WATASEMA, NASI TUNAWAJIBU

Watasema: "Mnakanusha majini." Tunasema: Hapana, tunayaamini kama tulivyofundishwa. Lakini kuamini kwamba majini yapo si dalili kwamba huyu mtoto ana jini. Anayedai alete dalili, kama anavyotakiwa kuleta dalili katika kila dai. Na ruqya ya kisheria haizuii ECG. Utasoma Al-Faatihah, Aayatul-Kursiy na Mu'awwidhaat mkiwa ndani ya gari kwenda hospitali, na utakuwa umepata yote mawili. Ama kisomo kinachotaka mbuzi, kinachotaka siku 40, na kinachokataza hospitali, hicho ni biashara, na mwenye nacho anaijua bei ya hofu ya mzazi.

Watasema: "Ni qadari, tutawakali." Tunasema: 'Umar bin al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu) alipogeuza safari ya Sham kwa sababu ya tauni, aliulizwa kama anaikimbia qadari ya Allaah. Akajibu kwamba anatoka kwenye qadari ya Allaah kwenda kwenye qadari ya Allaah. Na mwenye ngamia aliamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Hatujaona mvuvi wa Rumonge anayeacha mtumbwi bila kamba usiku kwa sababu ametawakali. Iweje kamba ya mtumbwi tuifunge na moyo wa mtoto tuuache?

Watasema: "Dawa ya Muislamu ni Qur-aan, si hospitali." Tunasema: Mabedui walimuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba Allaah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Hadithi hii ameipokea Usaamah bin Shariyk, na imo katika Sunan ya At-Tirmidhiy. Na imepokewa katika Sunan ya Abu Daawuud kwamba Sa'd bin Abi Waqqaas alipougua, Mtume alimwekea mkono kifuani, akamwambia kuwa ni mgonjwa wa moyo, akamwelekeza kwa Al-Haarith bin Kaladah, tabibu wa Thaqiyf. Wanazuoni wana maneno juu ya sanad ya hii ya pili, kwa hiyo tunaegemea ile ya kwanza, nayo inatosha. Waislamu waliielewa hivyo. Ibn Siynaa aliandika kitabu kizima juu ya dawa za moyo, na Ibn an-Nafiys katika karne ya 13 akaeleza njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi. Hawa hawakuogopa kwamba kuuchunguza moyo kutawatoa katika imani.

Watasema: "Hatuna pesa." Hili ndilo zito kuliko yote, na hatulijibu kwa wepesi. Mwaka 2006 Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5, lakini binti wetu alikuwa na miaka 9. Pamoja na hayo tulikaa na baba yake tukahesabu: mbuzi, pesa taslimu, nauli za kwenda kwa mtu yule, siku ambazo hakwenda ziwani. Jumla ilizidi nauli na gharama ya ECG ya Bujumbura. Maskini huyu alilipa, ila alilipa mlango usiokuwa wenyewe, na mlango huo tulimuonesha sisi. Kwa hiyo tunawaambia wenye kusimamia misikiti: tunachanga kwa ajili ya zulia, tunachanga kwa ajili ya vipaza sauti, basi na tuchange kwa ajili ya mtoto anayezirai.

Watasema: "Likijulikana, binti hataolewa." Tunasema: mwanamke hazimiki aibu yake kwa kuzikwa. Na kwa kuwa mmeigusa ndoa, tuseme na hili. Ile namna ya QT ndefu inayokuja pamoja na uziwi hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo wazazi walio na damu ya karibu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata kwa watoto wao. Kuoa binamu ni halali na hatuharamishi alichohalalisha Allaah. Lakini ukoo wenye vifo vya ghafla vya vijana ujue kabla ya kuoana tena ndani kwa ndani.

LIPI LA HATARI NA LIPI SI LA HATARI

Tusije tukatia hofu nyumba zote. Watoto wengi wanaozirai moyo wao ni mzima. Mtoto aliyesimama muda mrefu juani, mwenye njaa, au aliyeona damu, akahisi kizunguzungu na jasho kisha akaanguka taratibu, mara nyingi ni jambo jepesi. Pia mapigo ya mtoto huenda haraka kidogo akivuta pumzi na polepole akiitoa, na hiyo ni kawaida. Dalili zinazotaka hospitali bila kuchelewa ni hizi:

1. Ameanguka akiwa katikati ya kukimbia, kucheza mpira au kuogelea.

2. Ameanguka kwa kushtuka, kwa sauti kubwa, au kwa kufokewa.

3. Ameanguka ghafla bila kizunguzungu cha kabla, au akiwa amelala.

4. Moyo unaenda mbio ghafla hali ametulia, naye anapauka au kifua kinamuuma.

5. Katika ukoo yuko kijana aliyekufa ghafla, au aliyezama majini hali anajua kuogelea.

6. Ni kiziwi wa kuzaliwa na anazirai. Huyu asicheleweshwe hata kidogo.

7. Ameambiwa ana kifafa, anatumia dawa, na bado anaanguka akikimbia au akishtuka. Kuanguka kwa moyo kunaweza kuleta mitetemeko ikafanana na kifafa.

NINI KIFANYWE

Nunueni daftari la shule. Kila akianguka andikeni tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, rangi ya uso, amekaa muda gani, na nani aliona. Muulizeni mama na ndugu zake wadogo, kwa sababu wao huona zaidi kuliko baba aliye ziwani usiku. Mwenye simu ya kupiga picha za video arekodi. Wekeni vidole kwenye mshipa wa mkono au juu ya kifua, mhesabu mapigo kwa dakika nzima, mkaandike. Daftari hili ndilo litakalomfanya daktari asiseme "hana kitu".

Ombeni ECG kwa jina lake. Mkiambiwa ni nzuri na mtoto bado anaanguka, ombeni irudiwe, au apewe kile kipimo cha kuvaa mashine kwa saa 24, kwa sababu ECG moja huandika sekunde chache tu za maisha yake. Bujumbura zipo hospitali kubwa, na mojawapo, ya chuo kikuu kule Kamenge, ina jina la Mfalme Khalid wa Saudia. Ikihitajika zaidi, kwa sisi watu wa mwambao ipo njia ya Kigoma mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Ni safari ndefu. Lakini Rumonge tunawajua watu wanaokwenda mbali zaidi ya huko kwa ajili ya biashara.

Mwenye QT ndefu au anayeshukiwa kuwa nayo, kila mganga wa kila kituo aambiwe. Zipo dawa zinazoweza kuirefusha zaidi, kama klorokwini, kwinini na erithromaisini. Hatusemi malaria isitibiwe, kwani malaria inaua. Tunasema daktari achague dawa akijua.

Mtoto akianguka, msimjaze maji mdomoni, msimtie kijiko, msimfukizie moshi. Tazameni kama anapumua. Ikiwa hapumui na hajitambui, kandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari.

NENO KWA WALIMU WENZETU

Sisi watu hutuuliza kwanza, kabla ya daktari. Hiyo ni amana, na tutaulizwa juu yake. Asiyejua ana neno moja la kusema, nalo ni "sijui, mpelekeni akapimwe." Neno hilo halimvunjii mwalimu heshima. Maimamu wakubwa walilisema katika masuala ya dini yenyewe, basi vipi sisi tuone haya kulisema juu ya moyo wa mtoto?

Fimbo ile hatuipigi tena mezani. Tukitaka watoto wanyamaze tunanyanyua mkono juu, nao huchelewa kidogo, lakini hunyamaza. Yule binti anakaa safu ya mbele, amefika Suuratul-Mulk. Na baba yake tulikwenda kumuomba radhi nyumbani kwake, mbele ya mama yake mtoto, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa na haki.

Tunamuomba Allaah awape afya watoto wetu, awarehemu wale walioondoka bila ya sisi kujua sababu, na atusamehe kwa yale tuliyoyasema bila ya elimu. Aamiyn.

Wa billaahi at-tawfiyq. Wassalaamu 'alaykum wa Rahmatullaahi wa Barakaatuh.